Krismasi Malindi, mtoto mdogo na paka ndani ya nyumba: mapambo gani niyatoe?

MamaKadzo_Mld
Salamu wanajamvi, naomba mnisaidie mawazo kabla Krismasi haijafika. Sisi twakaa Malindi upande wa Barani na mwaka huu ukoo wote waja kwetu, hadi bibi kutoka Ganze, basi mume wangu ameshikwa na wazimu wa mapambo. Ameleta tawi la mvinje liwe mti wetu wa Krismasi, lafika dari, amenunua zile taa ndogo ndogo za betri na nyuzi za kung'aa, dadangu naye yuwaja kutoka Nairobi na maua ya lili. Shemeji afanya kazi ya bustani kwa Mtaliano mmoja, ameahidi kutukatia yale matawi ya ua, yenye majani membamba marefu na maua ya pinki, eti tuyazungushe mlangoni.

Sasa mie nina mtoto wa mwaka na miezi minne, kila akiokota kitu ni mdomoni, tena kuna paka na mbwa wa kulinda. Jirani kaniambia nikate poinsetia yangu, lile ua jekundu la Krismasi, eti mtoto akila jani moja amekwisha. Na mti wenyewe ushapita dirisha jamani. Nikate? Na hayo mengine je? Mume wangu asema yeye alilelewa boma limezungushwa ua wa mnyaa, ule wenye utomvu mweupe, na hakufa.

FundiBustani
Mamake Kadzo poinsetia iache isimame. Utomvu wake mweupe wawasha ngozi, na mtoto akitafuna jani huenda akatapika kidogo au tumbo likamsumbua, basi. Hiyo hadithi ya kuua chanzo chake Hawaii, mwaka wa 1919, mtoto wa mwanajeshi wa Marekani alisemekana kafa kwa jani lake na haikuthibitishwa kamwe, lakini uvumi ukaenda dunia nzima. Mwaka wa 1996 Wamarekani walitoa uchunguzi wa visa zaidi ya 22,000 vya watu waliokula poinsetia, hakuna hata mmoja aliyekufa.

Kilichonishtua ni hayo matawi ya shemeji yako!! Ya pinki, majani membamba magumu, hiyo ni olianda, na Malindi imejaa kila ua wa mahoteli na nyumba za Wataliano kwa sababu yastahimili jua na chumvi ya bahari. Jani, ua, kijiti, yote sumu, na yashika moyo moja kwa moja, mapigo yapotea mpangilio. Mtu, mbuzi, mbwa, punda, haichagui. Hata kuni zake hazichomwi maana moshi pia una sumu. Na kuna ndugu yake wa manjano, maua kama kengele na tunda lenye kokwa ngumu, watoto huchezea zile kokwa kama gololi, hiyo ni mbaya vile vile. Wewe jirani amekutisha na ua jekundu na hatari yenyewe yaja kwa mkokoteni na shemeji.

Kuhusu mnyaa mwambie mzee sote tumelelewa nao, lakini na vipofu wa mnyaa wapo. Ule utomvu ukiingia jichoni si mchezo, osha kwa maji mengi yanayotiririka robo saa nzima kisha hospitali. Mie nikiukata huvaa miwani.

Mkorofi_wa_Gede
Siku hizi mwaogopa hata kivuli. Sisi tulikula mchanga, tulikula kunguma, leo tuna vitambi

BiZuhura
Wanangu kwa uzoefu wangu mtoto akila kitu kibaya mpe maziwa bilauri nzima na mkaa uliosagwa, kisha umtie kidole atapike. Mamangu alitulea hivyo na alhamdulillahi.

NesiMstaafu
Shikamoo Bi Zuhura, kwa heshima zote bibi yangu hapo kwa kutapishwa nakuomba tusiwafundishe hawa vijana. Kitu kilichochoma koo kikishuka kitachoma tena kikipanda, na kama ni mafuta ya taa ndiyo kabisa, yaingia mapafuni. Maziwa si dawa ya sumu ya moyo kama hiyo olianda. Na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali, ule umetengenezwa kivyake na hutolewa kwa kipimo. Maji ya chumvi pia hapana, chumvi nyingi yenyewe yaweza kumuua mtoto. Toa mabaki mdomoni kwa kidole, msukutue, kata kijitawi cha huo mmea au piga picha, panda tuktuk. Daktari akijua ni mmea gani kazi yake imekuwa nusu.

Lakini mamake Kadzo mbona wote wamepita zile taa za betri kama hawajaziona? Fungua kifuniko uangalie. Kama ndani kuna betri bapa ya duara, kama ya saa, hiyo kwangu ni ya kutisha kuliko bustani yote ya Mtaliano. Mtoto akimeza na ikanasa kooni, inapogusana na mate yaanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili tu yaweza kuwa imeacha kidonda kikubwa. Na mtoto mwenyewe pengine hata halii, waona udenda tu, akataa chakula, akohoa kama mwenye mafua, mama apewa dawa ya kifua arudishwa nyumbani. Ukishuku sema wazi pale hospitalini "huenda amemeza betri" na uombe apigwe picha ya eksirei hapo hapo. Kama ameshapita mwaka mmoja na yuwameza vizuri, njiani mpe asali vijiko viwili vidogo kila dakika kumi, yapunguza kuungua, lakini usikae nyumbani kutafuta asali. Chini ya mwaka asali hapewi. Chakula kingine wala maji usimpe.

PakaWaShela
Mie niko Lamu na huku kwetu paka ndio wenye mji kwa hivyo niruhusuni niseme ya paka. Dada, hayo maua ya lili yasivuke kizingiti. Nasema yale makubwa yanayonukia, yenye unga wa rangi ya machungwa katikati. Paka akilamba huo unga uliomwangukia manyoyani, au akinywa maji ya chombo cha maua, figo zaharibika, siku mbili tatu umempoteza. Mwanzo utaona atapika mara moja halafu analala, wasema kashiba. Akishagusa ni kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, kabla hajaonyesha dalili, akishaacha kukojoa mumeshachelewa. Mtoto hayatamfanya kitu kikubwa, ni paka tu.

Na hizo nyuzi za kung'aa paka aziona ni mchezo, azimeza, uzi wakunja matumbo yote kama kamba ya suruali. Ukiona ncha yatokea mdomoni au nyuma USIVUTE, wakata utumbo ndani. Na tafadhali asipewe parasetamo akiwa mgonjwa, kwa paka ni sumu, nimeona watu wampa wakidhani ni huruma.

Kaka_Mida
mbwa je? watu wa mbwa tuko hapa pia

PakaWaShela
Haha mbwa ni mlafi, shida yake ni sahani. Chokoleti, pilau yenye zabibu, mifupa ya kuku iliyopikwa. Waambieni wageni wasimtupie, hasa watoto wa Nairobi

MamaKadzo_Mld
Yarabi. Asanteni sana. Nimempigia shemeji simu asikate kitu, amenuna lakini basi. Dadangu nimemwambia alete mkate wa matunda badala ya lili, na huo mkate utawekwa juu mbwa asiufikie. Betri nimefungua, ni kweli za duara, na kifuniko hata skrubu hakina, chafunguka kwa ukucha!! Mume wangu sasa ndiye aogopaye kuliko mie, ashaziweka juu ya kabati. Swali moja, mlangoni tutaweka nini? Mama mkwe asema twende tukakate majani ya mitapo, ile mimea kama minazi mifupi, kama ya harusi. Na kuna mkufu wa tipitipi nilionunua ufuoni, zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, nilitaka kuuning'iniza kwenye mvinje.

FundiBustani
Mtapo majani yake ukiweka juu mtoto hafiki, ila mbegu zisije nyumbani, wazee walizila kwa kuzilowesha na kuzikausha siku nyingi, mbichi zaua, na mbwa ndiye huzipenda. Ukiniuliza mie chukua makuti mabichi ya mnazi msuke, bibi wa Ganze atawaonyesha wote. Katikati tia bogenvilia (toa miba), maua ya kihibiskasi, na asumini na mrehani ndani kwa harufu. Hakuna hata kimoja hapo cha kukimbizana na hospitali.

Tipitipi toa kabisa. Mbegu nzima ikimezwa mara nyingi yapita kwa kuwa ganda ni gumu, lakini za mkufu zimetobolewa, sumu ya ndani ina njia ya kutoka.

BiZuhura
Haya nesi nimekusikia mwanangu. Lakini maziwa ya kawaida watoto wanywe.

NesiMstaafu
Wanywe bibi, hata na mahamri 😄

Mamake Kadzo, huo mvinje mtie kwenye ndoo ya mchanga mzito na shina mlifunge kwa kamba kwenye grili ya dirisha, mtoto wa umri huo hujivuta asimame kwa chochote. Stima ikipotea mishumaa ikae mbali nao, mvinje ukikauka wawaka kama karatasi. Na wageni wakija mikoba ya kina mama isiachwe kwenye zulia, mule ndimo mna vidonge vya presha vya bibi.