Deki ya video, deki ya kaseti, gramafoni, DVD: kipi kiuzwe, kipi kibaki?

Mkazi_Kibokoni
Asalamu alaikum. Kabatini mna deki ya VHS, deki ya kaseti ya milango miwili, DVD, gramafoni, na amplifaya yenye spika mbili. Nafasi ni ya vitu vitatu tu. Kanda za video ni 14, zote za harusi. Kaseti ni kama 60, nyingi taarab. Santuri hakuna. Niuze kipi?

Fundi_Bondeni
Waalaikum salaam. Anza na kanda, mashine baadaye. DVD iuze tu, lenzi ikichoka matengenezo hayalipi. Deki ya VHS usiiguse kwanza. Funai ya Japani, kiwanda cha mwisho kuziunda, kilisimamisha kazi Julai 2016, kwa hivyo zilizobaki zote ni kuukuu.

Kabla ya kucheza, tazama kila kanda kupitia kidirisha chake. Vumbi jeupe ukingoni mwa mkanda ni kuvu, na kwa unyevu wetu wa pwani hilo ni jambo la kawaida. Kanda hiyo usiitie dekini: kuvu hubaki kwenye vichwa (vipande vidogo vinavyosoma kanda) na kuhamia kanda inayofuata.

Picha ikiwa na chenga, safisha vichwa. Chomoa umeme, lowesha karatasi ngumu nyeupe kwa spiriti ya asilimia 99, ishike itulie kwenye silinda (ngoma ya chuma inayobeba vichwa), kisha zungusha silinda taratibu kwa kidole kutoka juu. Ukisugua juu na chini utavunja kichwa. Pamba usitumie, nyuzi zake hunasa.

Bint_Mtwapa
Naongezea hapo kwa fundi. Hamisha kwa waya za AV na kifaa cha kunasia cha USB, uchague PAL (mfumo wa picha za TV uliotumika kwetu), 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde. Kwa MPEG-2 (aina ya faili ya video) ya megabiti 8 kwa sekunde, saa moja hula karibu GB 3.6. Kanda 14 za saa tatu ni kama GB 150. Nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine. Kanda ya saa tatu hunaswa kwa saa tatu, hakuna njia ya mkato. Ukimaliza na kuhakikisha faili zote zinafunguka, hapo deki iuze.

Mpenda_Taarab
Mimi naona deki ya kaseti ndiyo ya kubaki kabisa. Juma Bhalo, Zuhura Swaleh, Maulidi Juma: nyingi za mtandaoni ni nakala ya nakala, sauti ya udi imefifia. Kaseti iliyouzwa hapa mjini iko karibu zaidi na asili.

Ugonjwa mkubwa wa deki hiyo ni mkanda wa mpira wa ndani, unaozungusha magurudumu, kuyeyuka kama lami. Futa lami yote kwenye magurudumu kwa spiriti, la sivyo mpya utateleza. Pima urefu wa njia nzima anayopita mkanda huo, ununue mpya uliopungua kama asilimia 5. Ukilegea wimbo unavuta, ukikaza sana beringi ya mota inalika. Mpira wa kufungia noti haufai hata kwa siku moja, kasi yake huyumba. Kigurudumu kinachobana kanda kikiwa kigumu na kinang'aa, kitakula kaseti. Kibadilishe.

Mkazi_Kibokoni
Shukrani. Nyuma ya deki ya kaseti pameandikwa 100V.

Fundi_Bondeni
Usiichomeke ukutani, sheikh! Hiyo ni ya soko la Japani na umeme wetu ni volti 240. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 100, yenye wati mara mbili ya zilizoandikwa nyuma ya deki. Soma na kibandiko cha VHS. Ikiwa ni 100V, basi ni ya NTSC (mfumo wa picha wa Japani), na kanda za PAL haitazionyesha sawasawa. Hapo azima ya PAL kwa ajili ya kuhamisha.

Amplifaya ibaki, deki ya kaseti haina nguvu ya kusukuma spika. Volyumu ikikwaruza, puliza dawa ya swichi ndani, uzungushe mara 20 hivi. Bonyeza sponji ya ukingo wa spika kwa kidole. Ikimeguka, weka ukingo mpya, koni iache. Gramafoni iuze, ila toa sindano uifunge kando na ufunge mkono wake kwa kamba kabla haijapanda tuktuk.