Tupeane uzoefu: mbwa amezeeka lakini mchezo hataki kupunguza

Mwenyeji wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Nina mbwa tunamwita Bosi, baba yake jemani shepadi, mama koko wa mtaani. Ana miaka 11. Mdomo umejaa mvi na macho yameanza ukungu, lakini akiona mpira tu umri wote unamtoka. Anaruka juu, anakata kona kwenye kokoto, breki yake ni ukuta wa jirani. Akishalala ndipo shughuli inaanza: akiamka mguu wa nyuma anauburuta mpaka upate joto, kisha huyo anarudi na mpira mdomoni. Mama watoto anasema nimpige marufuku. Watoto wanasema nikifanya hivyo atakufa kwa huzuni. Wenye mbwa wazee mmefanyaje? Wa "si mbwa tu huyo" mpite zenu kwa amani.

Mama wa Kisasa
Pole baba. Wetu alifika miaka 14 na alikuwa hivyohivyo. Usimpime wakati anacheza, maana akiwa na furaha hata akiumia haoneshi. Mpime kesho yake asubuhi. Akiinuka kwa shida, ujue jana mlizidisha, basi leo kata muda nusu. Na mpira usiurushe juu, uviringishe chini. Kule kuruka na kugeuka ghafla ndiko kunakokata kano ya goti. Halafu tazama sakafu yako. Sisi sebuleni kuna marumaru, mzee alikuwa anateleza miguu inapanuka mpaka unafumba macho. Tukatandika mikeka kuanzia mlangoni hadi anapolala. Wageni walicheka, wakazoea.

Kijana wa Nkuhungu
Mimi napingana na shemeji hapo juu (mama watoto, si wewe Mama wa Kisasa). Mzee wangu alimfunga mbwa mnyororo ili "apumzike". Akanenepa, mapaja yakaisha nyama, mwisho kusimama tu akawa anasaidiwa. Mwache acheze bwana.

Bwana Mifugo Mstaafu, Mpwapwa
Wote wawili mna hoja. Mbwa mkubwa wa aina hiyo akishapita miaka 7 au 8 ni mzee, na ukoo wa jemani shepadi unajulikana kwa matatizo ya nyonga. Gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya kiungo, likishalika halirudi. Kinachobaki kuishikilia nyonga ni misuli, na misuli haijengwi na mnyororo. Kwa hiyo atembee kila siku, kidogokidogo, badala ya kulala wiki nzima halafu Jumapili mnamkimbiza mpaka ulimi uguse chini. Na uzito upungue. Ubavu wake ukiupapasa uzihisi mbavu. Usipozihisi, punguza ugali.

Muda wa mchezo nao ni muhimu. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema, jasho lake ni kidogo mno na liko kwenye nyayo. Oktoba na Novemba hapa kwetu Dodoma, saa nane mchana, ardhi inaunguza. Mzee hajui kujizuia, wewe ndiye umzuie. Mchezo uwe alfajiri au jua likishazama. Juni na Julai mambo yanageuka. Usiku joto linashuka chini ya nyuzi 15 na upepo juu yake, maungo yanakaza. Mpe gunia au godoro kuukuu, asilale kwenye saruji, na asubuhi mtembeze kwanza kabla hajaona mpira.

Dawa: msimpe diklofenaki wala ibuprofeni ya kwenye droo yenu. Nimeona mbwa wakitapika damu na figo kufa kwa huruma ya mwenye mbwa. Zipo dawa za maumivu za mbwa, daktari wa mifugo anapima uzito ndipo anatoa. Na kabla ya kusema ni uzee, mkague kupe. Homa ya kupe nayo huvimbisha maungo, mbwa akachechemea leo mguu huu, kesho ule. Hiyo inatibika.

Mkulima wa Hombolo
Asante mtaalamu. Mimi wangu nimembadilishia mchezo. Anakaa chini, namrushia punje za zabibu anadaka kwa mdomo. Hakimbii wala haruki. Huku kwetu msimu ukifika zabibu hazina shida.

Bwana Mifugo Mstaafu, Mpwapwa
Mkulima, acha leo hii. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa. Yupo atakayekula asidhurike, na yupo atakayekula chache akatapika, akalegea, mkojo ukakata. Hakuna kipimo ambacho mtu anaweza kukuhakikishia ni salama. Akila, hata chache, usisubiri dalili, mkimbize kwa daktari. Tumia vipande vya karoti, au tikiti lisilo na mbegu.

Mkulima wa Hombolo
Weee! Na huku wanashinda chini ya mizabibu. Nazungushia miba shamba.

Mfugaji wa Bahi
Nyie mnasema mpira, wa kwangu mchezo wake ni ng'ombe. Kazeeka, lakini kundi likitoka zizini yuko mbele, jioni anarudi nyuma ya kila mtu, nyayo zimejaa mbigiri. Ukimfungia analia mpaka majirani wanauliza kuna msiba gani. Baba akasema mpeni cheo kingine. Sasa anabaki na ndama na vitoto vya mbuzi pale karibu na boma. Anavipanga, anavifokea, anazunguka siku nzima hatua fupifupi. Heshima yake ipo palepale. Naona mbwa wengi ni hivyo, hataki kuambiwa kazi imeisha.

Mwalimu wa Kondoa
Angalizo kwa wanaofikiria kuleta mtoto wa mbwa "amchangamshe" mzee. Mimi nililetewa mmoja na shangazi. Anamng'ata masikio, anamrukia mgongoni, na yule mzee wala hakatai, anacheza mpaka anaanguka. Ikabidi kila mmoja awe na upande wake wa uwanja, wanakutana nikiwepo.

Mwenyeji wa Ilazo
Nawashukuru sana. Swali moja: mnaumalizaje mchezo? Nikiuficha mpira ananitolea macho mpaka naona aibu.

Mama wa Kisasa
Mwishie na mchezo wa pua. Sisi tulikuwa tunaficha dagaa wakavu uwanjani, mmoja chini ya kigoda, mwingine nyuma ya ndoo. Anatembea taratibu ananusa, akimaliza kachoka mwenyewe na mpira kausahau. Wasiwe wa chumvi tu.

Mwenyeji wa Ilazo
Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza?

Mama wa Kisasa
Wa Kigoma kwa bei ile? Huyo Bosi analipa kodi? Nunua wa Mwanza.