Tupeane uzoefu: Toti za tabaka baada ya mlo, zinakaaje bila kuchanganyika?

Kaunta ya South B
Wadau, Desemba hiyo inabisha hodi na wageni wataanza kumiminika. Tukusanye hapa mbinu za zile toti za rangi rangi zinazoletwa mezani sahani zikishaondolewa. Naanza na B-52, toti ya tabaka tatu, kwa sababu anayeimudu hiyo anazimudu nyingi.

Mililita 20 za Kahlúa (pombe tamu ya kahawa) chini, 20 za Baileys (pombe ya krimu) katikati, 20 za Grand Marnier (pombe ya chungwa) juu. Kama glasi yako inajaa kwa mililita 60, weka 18 kila moja, la sivyo itamwagika kabla haijafika mezani. Glasi iwe nyembamba na ndefu. Ile pana yenye kitako kinene hufanya tabaka ziwe kama karatasi, na mkono ukitetemeka kidogo tu zimeshapasuka.

Kahlúa imwage katikati ya glasi bila kugusa ukuta, maana ikigusa inaacha michirizi ya kahawia itakayoonekana hadi mwisho. Kisha pindua kijiko cha chai, ncha yake iguse ukuta juu kidogo ya kinywaji, umwagie Baileys mgongoni mwa kijiko. Uzi unaoshuka usizidi unene wa njiti ya kiberiti. Tabaka moja lichukue sekunde 15 hadi 20. Kinywaji kikipanda, kijiko nacho kipande. Suuza kijiko na ukikaushe kabla ya tabaka la tatu. Tone moja la krimu likibaki hapo, Grand Marnier inaingia na ukungu.

Mizani Jikoni
Wengi hupanga kwa nguvu ya pombe wakidhani kali ndiyo nzito. Ni kinyume. Sukari ndiyo inayoongeza uzito, kilevi kinapunguza. Grand Marnier ina asilimia 40 na inaelea. Baileys ina 17 na inakaa chini yake. Kahlúa imejaa sukari, hivyo inazama chini ya zote.

Badala ya kubahatisha, nunua sirinji ya mililita 20 kwenye duka la dawa, isiyo na sindano. Vuta mililita 20 za kila kinywaji, upime kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Maji yatakupa gramu 20, vodka kama 19, Baileys karibu 21, Kahlúa karibu 23. Tofauti ikiwa chini ya nusu gramu, jua hapo mkono uwe mwepesi kwelikweli. Ikifika gramu moja, hata anayeanza leo ataweza.

Na sirinji hiyo hiyo, ikishasafishwa, ni bora kuliko kijiko. Ncha iguse ukuta wa glasi, sukuma polepole, na tone liteleze lenyewe hadi chini. Ukiangalia kwa karibu utaona kinywaji kinajitandaza kama mafuta juu ya supu. Kikianza kuzama kama moshi unaoelekea chini, acha kusukuma, subiri kitulie, uendelee.

Jikoni Rongai
Chupa tatu za kutoka nje ni pesa nyingi kwa toti za jioni moja. Ya kahawa tengeneza mwenyewe, na kahawa nzuri tunayo hapa nchini.

Gramu 40 za kahawa iliyosagwa, si ile ya kuyeyuka, na mililita 300 za maji yaliyochemka. Funika dakika 5, chuja mara mbili kwa kitambaa safi, upime mililita 200. Ingali moto, yeyusha humo gramu 200 za sukari. Iache ipoe kabisa ndipo uongeze mililita 200 za vodka ya asilimia 40. Ukiitia ikiwa moto, kilevi kinapaa na mvuke. Unapata zaidi kidogo ya nusu lita, nguvu yake kama asilimia 15. Ilale kwenye friji usiku mmoja.

Kosa kubwa ni kuonea sukari haya. Ukiweka gramu 100, uzito unashuka hadi unakaribiana na wa krimu, na Baileys au Amarula (pombe ya krimu ya Afrika Kusini) haitapata pa kukalia. Utamu hapo ndio nguzo, kwa hiyo anayetaka kikali zaidi akibadilishe kinywaji cha juu.

Tone kwa Tone
Amarula inafaa sana mahali pa Baileys. Wenzetu wa Afrika Kusini wana toti iitwayo Springbokkie: pombe ya mnanaa ya kijani chini, Amarula juu, kwa ajili ya rangi za timu yao ya raga. Ni tabaka mbili tu, na mnanaa unakaa vizuri baada ya nyama choma.

Angalieni asidi. Krimu ikikutana na maji ya ndimu, protini ya maziwa inagandamana na unabaki na madonge kama maziwa yaliyoharibika. Sharubati nyekundu ya komamanga nayo mara nyingi huwa na asidi ya sitriki, soma lebo kabla ya kuipanga chini ya krimu. Grand Marnier ina ladha ya chungwa lakini haina maji ya chungwa, ndiyo maana haileti shida hiyo.

Kwa wanaoulizia toti ya bendera siku ya Jamhuri: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini haiwezekani kwa pombe ya kahawa, komamanga na mnanaa. Nyekundu ndiyo nzito kuliko zote, itakwenda chini hata ufanyeje.

Kaunta ya South B
Kuhusu kuwasha moto tabaka la juu la B-52: naomba tusifanye nyumbani. Pombe ya asilimia 40 huanza kutoa mvuke wa kushika moto ikifika nyuzi 26 hivi, na usiku wa Nairobi haufiki huko. Matokeo yake mtu anaona haiwaki, anaongeza pombe kutoka kwenye chupa, na moto unaifuata chupa. Mwali wenyewe ni wa buluu, kwenye taa kali hauonekani, na ukingo wa glasi unaunguza mdomo hata moto ukishazimwa.

Mizani Jikoni
Tena utamu unaficha nguvu. B-52 ya mililita 60 ina kilevi halisi kama mililita 15, karibu robo tatu ya Tusker ya nusu lita, na inashuka kwa mkupuo mmoja. Toti mbili kwa anayeendesha gari ni nyingi mno.

Jikoni Rongai
Wasiokunywa wapangiwe yao: kahawa yenye sukari nyingi bila vodka, juu yake maziwa baridi, halafu krimu iliyopigwa kidogo. Vyote vitoke kwenye friji, kwani kahawa ya uvuguvugu hupanda yenyewe na kuvuruga maziwa.

Zitengenezwe si zaidi ya nusu saa kabla ya kuletwa. Zikae kwenye rafu ya ndani ya friji, mlangoni zinatikiswa kila mtu anapofuata maji. Na trei itandikiwe kitambaa chenye unyevu, glasi zisiteleze.