Kanisa Kuu la Mt. Yosefu Dar: jubilei tuihesabu kuanzia mwaka gani?

Mhariri wa kijitabu:
Tumsifu Yesu Kristo. Kijitabu cha historia ya Kanisa Kuu la Mt. Yosefu, lile la Sokoine Drive linalotazama bandari, kimekwama ukurasa wa kwanza. Kila karatasi ina mwaka wake: 1887, 1897, 1902, 1953. Kamati inataka mmoja tu. Pili, sura ya kukua kwa waamini inahitaji takwimu. Zinachotwa kwenye vitabu gani, na mitego yake ni ipi?

Kinasa Kumbukumbu:
Milele amina. Miaka yote minne ni sahihi, ila kila mmoja unahesabu kitu kingine.

Tarehe 16 Novemba 1887 ilianzishwa Prefektura ya Zanguebar Kusini, wakapewa Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Ujerumani. Hilo ni eneo la kimisionari, wala jengo halikuwepo. Misheni yao ya mwanzo ilikuwa Pugu, ikashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri, na wamisionari kadhaa wakauawa. Ujenzi wa kanisa la bandarini ulianza 1897 ukakamilika 1902. Mwaka huohuo wa 1902 prefektura ikapanda kuwa vikarieti, yaani eneo la kimisionari lenye askofu ingawa bado si jimbo, chini ya Askofu Cassian Spiss, aliyeuawa 1905 katika Vita vya Maji Maji. Jimbo Kuu lenyewe lilitangazwa 25 Machi 1953, akiwa Askofu Edgar Maranta, mtawa wa shirika la Wakapuchini.

Kwa hiyo jubilei ya jengo ni 1902, ya Jimbo Kuu ni 1953. Kosa linalorudiwa ni kuandika "Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilipojenga kanisa 1897". Wakati ule jimbo kuu halikuwepo. Tena kinacholifanya kanisa liitwe kuu ni kiti cha askofu. Ukubwa wa mnara hauhusiki.

Mama Leja:
Nijibu la takwimu, maana hapo ndipo vijitabu vingi vinapoanguka.

Kanuni 535 ya Sheria za Kanisa inaidai kila parokia kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu. Anza na cha ubatizo. Mstari mmoja una namba, siku ya kubatizwa, siku ya kuzaliwa, jina, wazazi, msimamizi na mbatizaji, halafu pembeni pameachwa nafasi ya kipaimara, ndoa au upadrisho. Vitabu vya zamani ni Kilatini: *natus* ni aliyezaliwa, *patrinus* ni msimamizi. Ile "LB" kwenye cheti ni Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha waliobatizwa, na namba inayoifuata ndiyo ufunguo wa kumpata mtu. Bila namba utapekua mwaka mzima, na majina yenyewe yaliandikwa kama sikio la padre mgeni lilivyosikia.

Sasa mtego. Ubatizo huandikwa mahali ulipofanyika, si mahali mtu anapoishi. Dar ni mji wa wahamiaji: muumini aliyesali pale miaka thelathini, jina lake huenda limo kitabuni Moshi, Bukoba au Songea. Ukijumlisha namba za ubatizo ukaita "idadi ya waamini" utakuwa umewapunguza. Ubatizo wa dharura nao, tuseme katekista kambatiza mgonjwa, huandikwa baadaye paroko akishaarifiwa, na tarehe zikachanganyika.

Kwa idadi ya walio hai tumia orodha za jumuiya ndogondogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja, kaya kwa kaya. Chukua orodha za mwezi mmoja kutoka jumuiya zote; ukichanganya za Januari na za Septemba, aliyehama kanda atahesabiwa mara mbili. Jumuiya zilisukumwa na mikutano ya AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki) ya 1973 na 1976, kwa hiyo usitarajie orodha za namna hiyo za kabla ya hapo.

Kalamu ya wino isikaribie meza, na picha zipigwe bila flashi. Majina ya walio hai hayaingii kijitabuni.

Kinasa Kumbukumbu:
Mama Leja kagusa penyewe. Niongeze mipaka. Eneo la Dar limekuwa likipunguzwa: Lindi ilimegwa 1913, Iringa 1922, Mahenge 1964, na 2025 Bagamoyo ikawa jimbo. Ukiweka jedwali la waamini wa 1910 kando ya la 1930, utadhani watu wameikimbia imani kumbe ni ardhi imegawanywa. Kila namba iandikiwe eneo lake.

Parokia nazo zinazaana vivyo hivyo: kigango, yaani tawi la parokia, hukua, askofu hulisikiliza baraza la mapadre, kisha huanzisha parokia (kanuni 515). Tafuta hati ya kuianzisha, usitegemee bango la getini.

Sakristani:
La mwisho kabla hamjapeleka kiwandani: kagueni picha ya jalada. Kanisa jeupe lenye vigae vyekundu, hapohapo karibu na bahari, ni Azania Front la Walutheri.

Mhariri wa kijitabu:
Loo! Ndilo tuliloweka. Natoa sasa hivi.