Kumleta mke Kanada: nikaha ya simu inakubalika?

Mpwani_Edmonton: Assalam aleykum ndugu zangu. Nina ukaazi wa kudumu Kanada, mchumba wangu yuko Mombasa. Kwao wamependekeza tufunge nikaha mwezi ujao nikiwa huku huku: rafiki awe wakili wangu, yaani akubali nikaha kwa niaba yangu, nami nisikilize kwa simu. Kadhi atatoa cheti, kisha nianze kumdhamini. Ana binti wa miaka tisa, ambaye kwa sasa atabaki na bibi yake. Cheti cha kadhi kitatosha? Na mshahara uwe kiasi gani?

Kengewa: Waaleykum salaam. Ahirisheni, ndugu yangu. Tangu tarehe 11 Juni 2015, Kanada haitambui kwa udhamini ndoa ambayo bwana au bibi harusi hakuwepo mwenyewe, iwe kwa wakili, simu au video. Wanaosamehewa ni wanajeshi wa Kanada waliozuiwa na kazi yao kusafiri. Nikaha yenu inaweza kuwa imeswihi kabisa kidini na kwa sheria ya Kenya, na maombi yakakataliwa vilevile.

Subiri upate likizo uende. Walii wake akuozeshe, na "nimekubali" itoke kinywani mwako. Weka picha ukiwa umeshikana mkono na walii mbele ya anayeozesha, na nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye muhuri wa kuingia Kenya. Tarehe ya ndoa kwenye cheti lazima iangukie ndani ya siku ulizokuwa nchini. Hakikisheni pia kwamba anayeozesha, awe kadhi, shehe au imamu, ana idhini ya msajili wa ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014. Kama yeyote kati yenu aliwahi kuoa au kuolewa, tafuteni hati ya talaka ya Mahakama ya Kadhi kabla ya nikaha, maana talaka ya mdomo haina karatasi ya kuambatanisha.

MamaZuhura: Kaka, mimi wasiwasi wangu ni huyo binti. Hata akibaki na bibi yake, jina lake liingie kwenye fomu na apimwe afya pamoja na mama yake kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Mtoto asipotajwa na kuchunguzwa, kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji kinamzuia mama kumdhamini baadaye. Watu humficha mtoto wakidhani wanarahisisha faili, kumbe wanamfungia mlango. Binti naye akija Kanada, baba yake mzazi atatakiwa kutia saini fomu ya ridhaa, IMM 5604.

Mshahara: kwa mke hakuna kiwango cha chini, isipokuwa mtoto wake naye awe na mtoto. Jimbo la Quebec lina taratibu zake. Lakini ukiwa unapokea msaada wa ustawi wa jamii usiotokana na ulemavu, huruhusiwi kudhamini. Na elewa unachotia saini: utawajibika kwa mahitaji ya mke miaka mitatu tangu apate ukaazi, na kwa binti miaka kumi au hadi afike 25, kinachotangulia. Mkiachana, wajibu huo haufutiki.

Kwa kuwa wewe si raia, lazima uwe unaishi Kanada muda wote wa maombi. Usihamie Mombasa kumsubiri.

Faili_Kamili: Ada zilizoanza tarehe 30 Aprili 2024 zilikuwa dola 1,205 za Kanada kwa mke: udhamini 85, uchakataji 545, haki ya ukaazi 575. Alama za vidole zilikuwa 85 zaidi. Cheti cha tabia njema cha polisi aombe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Kisizidi miezi sita siku mnayotuma maombi.

Kazi kubwa iko kwenye IMM 5532, fomu ya uhusiano wenu. Afisa anaweza kukataa kwa moja tu ya sababu mbili: ndoa si ya kweli, au lengo lake kuu lilikuwa uhamiaji. Kila mmoja ajaze sehemu yake, kisha mkae mlinganishe tarehe: mlikutana lini, posa ilipelekwa lini, nani walihudhuria. Kama wazazi wako hawakuwepo, andika sababu hapo hapo. Nafasi ikiachwa tupu, afisa ataijaza kwa dhana yake. Mazungumzo yenu mnayoambatanisha kama ushahidi, chagua ya miezi tofauti badala ya rundo la wiki moja. Kilichoandikwa Kiswahili kitafsiriwe na mtu asiye jamaa yenu, pamoja na kiapo chake.

Maombi ya mke aliye nje yakikataliwa, wewe mdhamini una siku 30 za kukata rufaa, kwa hiyo hifadhi nakala ya kila ukurasa mliotuma.