Ombi letu la afya ya uzazi kwa bunge la kaunti: tuliandikeje lisitupwe?

binti_bandari

Wenzangu, hamjambo. Sisi ni kikundi cha wasichana 14, umri 19 hadi 25, kaunti moja ya pwani hapa Kenya. Tumeandika ombi la kupeleka bunge la kaunti, madai manne:

1. Masomo ya afya ya uzazi yafundishwe shule zote za msingi na sekondari za kaunti.
2. Vijiti na sindano za kupanga uzazi, na P2 (vidonge vya dharura vya kuzuia mimba), vipatikane bure kila zahanati, na msichana asiulizwe kama ameolewa.
3. Waliojifungua warudishwe shule.
4. Kaunti itangaze kwamba kutoa mimba ni haki ya mwanamke.

Sahihi tunazo 300 kwenye karatasi za daftari. Tumeshauriwa tupeleke mwezi wa sita, bajeti ikipitishwa. Pia wawili kati yetu wanafikiria uwakilishi wadi 2027, ila hatujui kama ni bora kupitia orodha ya chama, tiketi ya chama au kusimama bila chama. Turekebisheni kabla hatujaenda kuaibika.

kalamu_nyekundu

Dada, mwezi wa sita mtakuta sufuria zimeshaoshwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na sheria ya bajeti lazima iwe imepita kufikia Juni 30. Wakati huo wanabishana vijisenti vya mwisho tu. Tarehe zenu ni hizi, zote zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012:

Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bungeni. Mradi usiotajwa humo huanza safari ukichechemea.
Februari 28: waraka wa mkakati wa fedha. Huu ndio wenyewe. Unaweka ukomo wa kila idara, afya wapate kiasi gani, barabara kiasi gani.
Aprili 30: makadirio yenyewe.

Ukomo ukishapitishwa, bunge likitaka kuongeza shilingi mahali ni lazima liipunguze mahali pengine. Kwa hiyo ukija Mei na dai la fedha mpya, unamwomba mjumbe amnyang'anye mwenzake barabara. Hatakwambia hapana. Atakwambia "tumelipokea". Fikeni Januari, maoni ya umma juu ya waraka wa Februari yanapokusanywa, na mje na kiasi kilichopigiwa hesabu.

Sasa madai. La kwanza mmebisha mlango wa jirani. Mtaala wa msingi na sekondari ni wa serikali ya kitaifa na taasisi yake ya mitaala, KICD. Someni Jedwali la Nne la Katiba: kwenye elimu, kaunti ina shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Hapo msione mmenyimwa, mmepewa mbili. Vyuo vya ufundi vimejaa vijana wa umri wenu na kaunti ndiyo mwajiri wa wakufunzi, basi masomo ya uzazi yaombeeni huko. Na dai la tatu ligeuzeni. Mwongozo wa kitaifa wa 2020 tayari unamruhusu mzazi mwanafunzi kurudi darasani. Kinachomkwamisha mara nyingi ni nani atabaki na mtoto kuanzia saa moja asubuhi. Ombeni kituo cha kulelea watoto karibu na shule, mtaje wadi. Mjumbe hawezi kusema si kazi ya kaunti.

Sahihi: karatasi ya daftari yenye majina matupu ni rahisi kuitupa, maana hakuna anayejua watu walitia sahihi kitu gani. Kila karatasi iwe na kichwa cha ombi na madai yake juu, halafu jina, namba ya kitambulisho, anwani, sahihi au dole gumba. Sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge inadai pia lugha ya heshima, Kiswahili au Kiingereza, pasiwe na maneno yaliyofutwafutwa, useme umeshajaribu wapi na kama jambo liko mahakamani. Kanuni za mabunge ya kaunti zinafanana nayo sana. Chukueni fomu kwa karani kabla ya kurudia sahihi 300 mara ya pili.

mkunga_zamu

Niongeze kwa dai la pili, maana "vijiti bure" likipita lilivyo mnaweza kupata vijiti na bado wasichana wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Kijiti hakiwekwi kwa kijiti. Kinahitaji glavu, ganzi ya lignokeini, bomba la sindano, iodini au spiriti, bendeji. Kukitoa kunahitaji zaidi: kisu kidogo, koleo nyembamba na mtu aliyefunzwa kutoa, si kuweka tu. Mara nyingi vijiti vyenyewe vimo kabatini na glavu zimekwisha, basi msichana anaambiwa akanunue dukani arudi. Harudi. Kwa hiyo kwenye ombi andikeni "vifaa vya kuweka na kutoa" kama kifungu chake peke yake. Wekeni na idadi ya wahudumu wa kufunzwa, angalau wawili kila kituo, kwa sababu mmoja akienda likizo huduma inakwenda naye. Kutoa ndiko kunakosahaulika: Implanon NXT ni miaka 3, Jadelle miaka 5, na mtu ana haki ya kukiondoa siku yoyote akichoka nacho, bila kuombwa sababu.

P2 nayo elezeni sawasawa, uvumi ni mwingi. Ni levonojestreli miligramu 1.5. Inachelewesha yai kutoka. Mimba ikishatunga haiitoi. Imezwe mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu inapungua. Anayefika siku ya nne bado anaweza kuwekewa koili ya shaba ndani ya kizazi, hadi siku 5. Aliyebakwa asiishie kwenye P2: dawa za kuzuia VVU nazo zina mwisho wa saa 72 kuanza, na humezwa siku 28 mfululizo.

Saa za kazi ni nusu ya tatizo. Zahanati inayofungwa saa kumi na moja, Jumatatu hadi Ijumaa, mwanafunzi na kibarua wa sokoni hawaioni. Ombeni Jumamosi mbili kwa mwezi, na chumba ambacho mlango wake hautazami benchi la foleni. Hilo la mlango linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamua kama binti wa mtaa ataingia huku jirani ya mama yake ameketi pale.

Kabla ya yote, pelekeni barua ya kuomba taarifa chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Idara ina siku 21 kutoa jibu. Ulizeni: katika miezi 6 iliyopita, kila kituo kilikaa siku ngapi bila kijiti, bila sindano, bila P2, bila glavu? Ziko kwenye kadi za stoo. Jedwali la siku hizo litazungumza kuliko mabango yenu, samahani.

kalamu_nyekundu

Nilisahau dai la nne. Kaunti haina uwezo wa kutangaza hivyo, na mkiliacha mkutano mzima utakwenda nalo, hayo mengine yafe. Sheria yenyewe ni Ibara ya 26(4) ya Katiba: utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Angalieni neno "afya" limo, si kifo peke yake. Na mtaalamu si daktari pekee: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaja pia muuguzi, mkunga na afisa wa kliniki, mradi amefunzwa na ana leseni. Mwaka 2019 Mahakama Kuu, majaji watano, ilisema Wizara ya Afya ilivunja haki ilipoondoa miongozo ya huduma hiyo mwaka 2013. Kesi ilihusu msichana anayejulikana kwa herufi JMM, aliyebakwa akiwa na miaka 14 na kufariki 2018.

Kwa hiyo ombeni kilicho mikononi mwa kaunti: huduma baada ya mimba kuharibika, saa 24, katika hospitali za kaunti ndogo. Pampu ya mkono ya kusafishia kizazi, dawa ya misoprostoli, mhudumu kila zamu. Ibara ya 43(2) inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura, haijalishi mimba iliharibikaje.

Na kama mnataka ushauri wangu wa mwisho, wekeni umri wa 18 hadi 24 kwenye ombi zima. Mkigusa walio chini ya hapo mtaingia kwenye ridhaa ya mzazi na Sheria ya Makosa ya Kingono, na hamtatoka.

somo_wa_mtaa

Hapo kwa umri sikubaliani, kalamu. Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba, na kule Samburu ni asilimia 50. Ukianzia 18 umemwacha nje yule yule unayemwandikia ombi. Tenganisha: huduma ya dawa andika 18 na zaidi ukipenda, lakini masomo hayana kizuizi hicho. Kumwambia binti wa miaka 16 mwili wake unafanyaje kazi hakuvunji sheria yoyote.

Na mtakapoambiwa jambo hili limeletwa na Wazungu, kumbukeni pwani hii ilikuwa na masomo na makungwi, walimu wa unyago, kabla ya hizo NGO. Mwali alifundishwa. Tatizo ni alichofundishwa: namna ya kumridhisha mume, si namna ya kukataa hata kidogo. Ugomvi wetu na mila uwe hapo, msiseme kana kwamba bibi zetu hawakujua kitu.

Kwa chuo cha ufundi, msiombe "semina". Semina ni watu 200 chini ya mwembe, mzungumzaji mmoja, soda, kwisha. Anayetaka kuuliza habari ya usaha hanyanyui mkono mbele ya watu 200. Ombeni vipindi 8, dakika 40 kila kimoja, mara moja kwa wiki, watu wasiozidi 30. Viwili vya mwanzo wasichana peke yao na wavulana peke yao, vilivyobaki pamoja, kwa sababu ridhaa haifundishwi upande mmoja ukiwa peke yake chumbani. Sanduku la maswali yasiyo na jina, lifunguliwe siku moja kabla ili mkufunzi asibahatishe jibu. Na ushungi usiwe hoja: mkufunzi mwenye ushungi anasikilizwa zaidi mtaani kwetu.

wadi_kwa_wadi

Najibu la 2027. Uchaguzi ni Agosti 10.

Orodha ya chama: Ibara ya 177 inaongeza viti ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya bunge la kaunti, na kuna viti vya vijana na watu wenye ulemavu. Viti hugawiwa vyama kwa uwiano wa wadi walizoshinda, na majina huchukuliwa kwa mpangilio wa orodha. Chama kilichoshinda wadi moja kikikupa namba sita, hujapewa kitu, umepewa heshima. Ulizeni namba, na muione orodha iliyopelekwa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, si ile iliyosomwa ukumbini. Mteule hana wadi, lakini ana kura na kamati. Kamati ya afya na ya bajeti ndizo mnazozitaka.

Bila chama: sahihi 500 za wapigakura wa wadi ile ile. Kusanyeni 700, kwa sababu wengi watakuwa wamejiandikisha wadi ya jirani. Usiwe mwanachama wa chama kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Kagua jina lako kwa Msajili wa Vyama mapema: kuelekea 2022 watu wengi walijikuta ni wanachama wa vyama wasivyovijua. Ukijikuta humo, jiuzulu kwa maandishi ukae na ushahidi. Asiye na chama pia haleti kiti chochote cha orodha, kwa hiyo akishinda, rafiki yake wa namba moja hafaidiki.

Ada ya IEBC mwaka 2022 kwa uwakilishi wadi ilikuwa 5,000, wanawake na vijana nusu yake. Ada ya chama ni nyingine na hiyo ndiyo inayouma.

binti_bandari

Ahsanteni sana. Tunagawa kazi: barua ya siku 21 wiki hii, fomu kwa karani, vipindi 8 vinaandikwa upya. Swali moja la kijinga: tukipeleka barua wakasema hawakuipokea?

kalamu_nyekundu

Si la kijinga, ndivyo zinavyopotea. Nendeni wawili, na nakala mbili. Ya kwanza wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe mbele yenu. Akisema muhuri uko kwa bosi aliyetoka, kaeni kwenye benchi mpaka arudi.