Jamani, nimekaribishwa nyumbani kwangu mwenyewe, tena nikapewa taulo langu!

MamaZuhura (Leicester na Dordogne)

Wanajamvi, salaam. Ninaandika huku mikono ikitetemeka kwa hasira, nimeketi jikoni kwangu kijijini huku Ufaransa, mwendo mfupi tu kutoka Eymet, na sitamtaja mtu kwa jina kwa sababu hakuna haja. Kila mwenye nyumba ya pili kati ya Bergerac na mpaka wa Lot-et-Garonne anamfahamu bwana huyo: gari jeupe la mizigo, mbwa wawili wa kahawia, kofia ya majani iliyotoboka, na shada la funguo kiunoni linalotosha kufungua nusu ya mkoa. Ni Mwingereza, amekaa huku miaka na miaka, na tunamlipa kila mwezi atutunzie nyumba tukiwa Uingereza. Kazi yake ni kufungua madirisha ili nyumba ipate hewa, kuyatoa maji mabombani kabla ya baridi ya Januari kuyapasua, kukata majani, na kutia dawa katika bwawa la kuogelea.

Jana tulitua uwanja wa ndege wa Bergerac, tukakodi gari, na tulipokaribia lango nikasikia muziki. Nikamwambia mume wangu kwamba huenda jirani ana sherehe. Haikuwa kwa jirani. Bwawani kwangu mlikuwa na ukoo mzima, kuanzia vikongwe hadi vitoto vya kunyonya, na wengine nina hakika waliletwa kwa mabasi kutoka Paris, maana kijiji chetu hakina watu wengi kiasi hicho hata tukiwahesabu waliozikwa kanisani. Yeye mwenyewe akatoka majini, akaja langoni kutupokea kama bwana harusi anayepokea wageni, maji yakimchuruzika tumboni, akasema: "Hamkutuarifu kwamba mnakuja."

Hamkutuarifu! Mimi nimwarifu yeye kwamba ninakuja kwangu!

Kisha akatukaribisha. Akatuambia tusijali, nafasi ipo, nyama bado ipo motoni, na mume wangu atafute kiti. Na aliponiona nimeganda pale langoni, huku jasho la safari likinitiririka, akachukua taulo lililokuwa begani kwake akanipa nijifute. Taulo lile ni la kijani, na ukingoni lina herufi ya jina la binti yangu ambayo niliidarizi kwa mkono wangu majira ya baridi yaliyopita. Lilikuwa limelowa. Lilinuka mbwa.

Naomba mnielewe kwamba hasira yangu haihusu maji ya bwawa. Tangu Januari 2021, kwa sababu Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya, sisi wenye pasipoti za Uingereza tunaruhusiwa kukaa huku siku 90 tu katika kila siku 180, na tangu mfumo mpya wa mpakani uanze Oktoba 2025 wanatupiga picha na kuchukua alama za vidole, kwa hiyo hesabu ya siku si ya kukisia tena. Maseneta wa Ufaransa walijaribu kutupatia sisi wenye nyumba ruhusa ya kukaa muda mrefu bila kuomba viza, na Baraza la Katiba likakitupa kifungu hicho Januari 2024. Bwana huyo haguswi na hayo yote, kwa sababu alikuwa amekwisha kuhamia huku kabla ya mwisho wa mwaka 2020 na ana kadi yake ya ukaazi. Mimi ninahesabu siku kwa vidole, yeye anaogelea.

Kodi ya bwawa ninailipa mimi. Kodi ya makazi, ambayo tangu 2023 Wafaransa wameiondoa kwa nyumba ambayo mtu anaishi siku zote lakini wakaiacha kwa nyumba za pili, ninailipa mimi. Mwaka 2022 mamlaka ya kodi ilitangaza kwamba kompyuta zilizochunguza picha za angani zimegundua mabwawa zaidi ya 20,000 ambayo wenyewe hawakuyatangaza. Langu nililitangaza lilipokamilika tu, kwa fomu sahihi, kwa Kifaransa sahihi. Yaani serikali inaliona bwawa langu kutoka angani, yeye analiona kutoka ndani ya maji, na mimi ndiye ninayeambiwa sikutoa taarifa.

Nilipoingia jikoni nikakuta kopo la bizari ya pilau, ambayo mama yangu hunisagia Mombasa, liko wazi juu ya meza. Wameinyunyizia soseji! Nikatoka nje kumuuliza, naye akanijibu, huku akitafuna, kwamba wangeacha chumba kimoja kitupu laiti tungewaarifu kwamba tunakuja.

MzeeMwinyi (Périgueux)

Pole sana, mwanangu. Bwana huyo tunamjua sote, na habari zake hazinishangazi hata kidogo. Mimi mwaka juzi aliniletea ankara ya kutia dawa bwawani kuanzia Mei hadi Septemba. Sina bwawa. Nilipompigia simu aliniambia kwamba atalishughulikia suala hilo, na mwezi uliofuata akaniletea ankara ya kulifunika bwawa kwa ajili ya majira ya baridi.

BintiWaPate (Bristol)

Pole, dada. Kwetu alikuja kukagua bomba moja tu la maji moto, akaondoka na ngazi, mashine ya kukatia majani na paka. Paka alirudi mwenyewe.

KichwaNgumu (Slough)

Dada MamaZuhura, nimeusoma uzi wako wote na ninaona unalia kwa ajili ya taulo. Watu humu wanatafuta kodi ya chumba kimoja Slough, wewe unatulilia kuhusu bwawa la Ufaransa. Hata hivyo nitakusaidia. Tangu 2023 kila mwenye nyumba Ufaransa anatakiwa kuitangazia ofisi ya kodi, kupitia akaunti yake ya mtandaoni, ni nani anayeikalia nyumba yake. Mwandike bwana huyo kwamba ndiye mkaazi na wewe ni mgeni wake wa majira ya joto. Kodi ya makazi itakuondokea, na kuanzia hapo utalazimika kweli kumwarifu unapokuja.

MamaZuhura

KichwaNgumu, ndugu yangu, sikuomba ushauri wa kodi, na nyumba hii tuliinunua kwa jasho la zamu za usiku hospitalini, haikushuka kutoka mbinguni. Mtu amesimama mbele ya lango langu, amevaa taulo la mwanangu, ananiambia hamkutuarifu. Mbele ya mume wangu! Na wale vikongwe waliokuwa majini wakanipungia mkono! Jibu hilo kwanza, halafu ndipo unifundishe kujaza fomu.

KichwaNgumu

Sasa taulo alilivaa au alikupa? Awali uliandika kwamba lilikuwa begani.

MamaZuhura

Lilikuwa begani, kisha kiunoni, kisha mkononi mwangu. Lilizunguka mwili wake wote kabla ya kunifikia.

ShemejiWaCreuse (Guéret na Luton)

Shemeji, pole, lakini wewe angalau umepata mtu wa kukupokea. Mimi nimefika juzi nikakuta nyumba yangu imehama bila kusogea. Kwa wasiojua, sheria ya Februari 2022 iliilazimu kila halmashauri ya kijiji, hata ile ndogo kabisa, kuzipa majina njia zake zote na namba nyumba zake zote, na vijiji vidogo vikapewa hadi Juni 2024 kukamilisha. Nyumba yangu ilijulikana kwa jina la kitongoji tu, na hata posta walitosheka nalo. Sasa ni namba 340. Kitongoji kina nyumba nne! Nilikwenda kwa katibu wa meya (ofisi iko wazi Jumanne na Ijumaa asubuhi tu, na saa sita kamili mlango unafungwa hata kama umeinua kalamu kutia sahihi), naye akanieleza kwa upole kwamba 340 ni idadi ya mita kutoka mwanzo wa njia hadi mlangoni kwangu.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia. Wakaguzi wa matangi ya maji taka waliniandikia barua ya rejista kwa anwani mpya, wakati mimi niko Luton ninaendesha basi. Posta huitunza barua ya namna hiyo siku 15 tu, kisha huirudisha kwa aliyeituma. Ilirudi. Wakatuma nyingine, nayo ikarudi. Nimefika juzi ninakuta karatasi za njano za posta zimejaa sandukuni, na jirani ananiambia kwamba wakaguzi walikuja, wakalitazama geti, wakaandika, wakaondoka. Waliandika nini? Hakuna ajuaye, kwa sababu walichoandika wamenitumia kwa barua ya rejista.

MzeeMwinyi

Shemeji, hilo la tangi usilichezee. Mimi wakati wa kununua, ripoti ilisema tangi halifai, na sheria inampa mnunuzi mwaka mmoja alitengeneze. Shamba lote lilichimbwa, na mti wa jozi uliopandwa kabla ya vita ukang'olewa kwa sababu mizizi yake ilipita pale ambapo mchanga wa kuchujia ulitakiwa kuwekwa. Ninaukumbuka mti ule kila vuli.

MamaZuhura

Naomba turudi kwenye mada. Bwana huyo bado ana funguo zangu, na asubuhi ya leo ameniandikia ujumbe akiuliza kama nimeyaona miwani ya mama mkwe wake karibu na bwawa.

BintiWaPate

Umeyaona?

MamaZuhura

Nimeyaona. Si hoja.

AlHabibi (Toulouse)

Wazee wangu, msamehe nikichomekea, kwa sababu mimi ninaishi huku mwaka mzima na ninaona mnalalamikia mambo mepesi. Jirani yangu Mfaransa ana jogoo anayeanza kuwika saa tisa usiku. Nimekwenda kwa meya nikiwa na rekodi za sauti kwenye simu, zimepangwa kwa tarehe, naye akanijibu kwamba jogoo yuko kazini.

ShemejiWaCreuse

AlHabibi, kesi hiyo utashindwa kabla hujaifungua. Kule kisiwani Oléron, wenye nyumba ya pili, Wafaransa wenyewe, walimshtaki mwanamke mwenye jogoo (Maurice ndilo jina la jogoo), na mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ikampa ushindi mwenye jogoo na kuwaamuru washtaki wamlipe fidia ya euro 1,000. Januari 2021 bunge likapitisha sheria inayozitambua sauti na harufu za mashambani kuwa sehemu ya urithi wa nchi. Jogoo wako analindwa pamoja na kengele za kanisa na samadi ya ng'ombe.

AlHabibi

Na usingizi wangu unalindwa na sheria ipi?

KichwaNgumu

Ungemwarifu jogoo kwamba unahamia.

BintiWaPate

Mimi jogoo ningemvumilia. Nisichokivumilia ni mapipa. Kwetu gari la taka halipiti tena mlangoni; unapeleka mfuko wako mwenyewe hadi barabara kuu, unafungua pipa kwa kadi, na kila unapofungua inahesabiwa. Ada ya mwaka ninaitozwa yote, ingawa siku ninazoruhusiwa kuwepo huku hazijazi hata nusu ya mwaka. Juzi kadi ikakataa. Nimesimama na mifuko yangu kwenye jua la saa nane mchana, vichwa vya samaki ndani, hadi dereva wa trekta akanionea huruma akafungua kwa kadi yake. Nikamshukuru nusura nilie.

MzeeMwinyi

Kadi hizo zitunze vizuri, binti yangu. Iweke kwenye mfuko wa peke yake.

BintiWaPate

Ahsante, mzee. Nitafanya hivyo.

MamaZuhura

Jamani, "hamkutuarifu". Hakuna anayeliona neno hilo lilivyo zito?

BabaNeema (Limoges na Coventry)

Tumeliona, mama, pole sana. Nami nina swali la haraka kabla sijasahau, kwa kuwa ninaona wenyeji wengi wamo humu. Nimefungua nyumba leo baada ya miezi, na kwenye dari kuna mngurumo kama wa jokofu. Nimetazama kwa tochi kupitia upenyo wa bomba la moshi nikaona kitu cha kijivu, kikubwa kuliko mpira wa miguu, na wadudu weusi wenye miguu ya njano wanaingia na kutoka. Watoto wanalala chumba cha chini yake. Je, nipige dawa ya mbu?

AlHabibi

Usithubutu, ndugu yangu! Hao ni nyigu wa Asia. Waligunduliwa mara ya kwanza Lot-et-Garonne mwaka 2004, na sasa wameenea karibu nchi nzima. Ukiwachokoza watatoka wote kwa pamoja, na dawa ya mbu haitawafanya lolote.

ShemejiWaCreuse

Nenda ofisi ya meya kesho asubuhi kabla ya saa sita, BabaNeema. Watakupa namba ya fundi mwenye kibali, na baadhi ya halmashauri huchangia gharama, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Leo wahamishie watoto chumba cha mbali, na usiufungue mlango wa dari kwa sababu yoyote ile hadi fundi afike.

BabaNeema

Nimewahamisha tayari. Ofisi ya meya hapa iko wazi Alhamisi tu.

ShemejiWaCreuse

Leo ni Jumatano. Una bahati.